Goti la Shangazi Mbele ya Maikrowevu

Shangazi alinipigia simu asubuhi nikiwa bado napiga mswaki. Hakusalimia. Yeye akipiga simu huanza katikati ya mazungumzo, kama vile tulikuwa tunaongea tangu jana na mimi ndiye niliyekatiza.

"Mashine imekufa na watu wamejaa hapa. Njoo na vyuma vyako."

Vyuma vyangu ndiyo kazi yangu. Nina chumba cha kupanga Rusimbi, hapa Kigoma, barabarani, ambako natengeneza televisheni, redio, sabufa na pasi. Mteja akija mara ya kwanza, akiona mwanamke, huniuliza fundi yuko wapi. Namwambia ametoka. Akikaa akisubiri namchukulia kitu chake, nakifungua, nakitengeneza, namrudishia, naye anaondoka akisema nimsalimie fundi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasema salamu zimefika.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ana hoteli Katonga, karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Naita hoteli kwa heshima yake. Ni mabati, mabenchi na majiko ya mkaa, lakini migebuka yake, samaki wa ziwa letu, ya mawese imewahi kuwafanya watu wazima wagombane hadharani. Kumkatalia shangazi ni jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulifanya. Baba alikuwa mkubwa kwake, tena alikuwa na sauti ya kutisha majirani, lakini dada yake akiingia tu alikuwa anajikumbusha kwamba ana kazi nje.

Mashine aliyokuwa anaisema ni maikrowevu. Aliipata kwa afisa mmoja wa serikali, mtu wa kutoka huko Kilimanjaro, ambaye alikuwa mteja wake wa kila mchana. Afisa alipohamishwa alikuta mizigo imezidi gari, akamwachia shangazi maikrowevu, jozi ya mapazia na jogoo. Jogoo aliliwa wiki hiyohiyo. Mapazia yakawa vitambaa vya meza. Maikrowevu iliwekwa chini, juu ya kistuli kifupi, kwa sababu waya wa umeme wa pale hotelini haufiki mezani. Hiyo habari ya kistuli ishikeni, maana bila kistuli hili lote lisingetokea.

Nilipanda bodaboda nikijua kabisa nakwenda kupasha moto ugali wa watu. Nilipofika nikaona kweli watu wamejaa, ila hakuna aliyekuwa anakula. Wamekaa kwenye benchi kwa mstari, kimya, kila mtu ameshika sehemu yake ya mwili. Mama mmoja anayeuza dagaa ameshika kiuno. Mzee mmoja mvuvi ameshika mgongo. Mwanamume wa makamo amekunja mkono wa shati mpaka juu, bega liko nje. Nilidhani nimekosea njia nikaingia zahanati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo hapo. Ilianza kuwa baridi juzi, na jana ikakataa kabisa. Taa inawaka, sahani inazunguka, lakini joto hakuna."

"Na hawa?"

"Hawa wanasubiri joto."

Nikaangalia mlango wa maikrowevu. Ulikuwa wazi. Taa ya ndani inawaka, sahani ya kioo inazunguka taratibu, feni inavuma. Mlango uko wazi na mashine inafanya kazi.

Maikrowevu haifanyi kazi mlango ukiwa wazi. Haitakiwi. Imetengenezwa kwa namna ambayo ikijaribu tu, ijiue yenyewe. Nilichomoa plagi kwa nguvu mpaka soketi nayo ikataka kunifuata.

"Shangazi, hii mmeitumia hivi, wazi?"

"Sasa ikifungwa goti litaingiaje?"

Wakacheka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Akanieleza mambo kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgeni historia ya mji. Yeye hufunga milango kwa kiwiko, kwa sababu mikononi ana sahani. Siku moja aliufunga mlango wa maikrowevu kwa kiwiko mpaka kitu kikalia ka kama kimevunjika, mashine ikazima. Akamwita fundi wa simu wa jirani pale mwaloni. Fundi akaifungua, akachezacheza, akairudishia, na tangu siku hiyo ikawa inawaka hata bila kufungwa. Shangazi akaona ni ufundi mkubwa: mlango ulikuwa unamchelewesha tu. Sasa siku moja amesimama mbele yake anamenya vitunguu, akasikia goti lake la kushoto, lile linalomsumbua kila msimu wa mvua, linapata joto. Joto la ndani, alisema. Si kama la jiko, ambalo linachoma ngozi. Hili lilipita ngozi likaenda kwenye mfupa wenyewe.

"Nikakaa nikalisogeza. Mwana wanje, mwanangu, nililala siku hiyo kama mtoto."

Habari zikasambaa mwaloni kabla mkaa haujapoa. Mama wa dagaa akaja na kiuno. Mzee akaja na mgongo. Biashara ya samaki ikapungua, biashara ya viungo ikapanda. Ukinywa chai unapata zamu.

"Mimi nimetoka Ilagala," alisema yule wa bega, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Nimepanda boti kwa ajili ya hili bega."

Nikawauliza wote, mmoja mmoja, kama wanaona vizuri. Wakatazamana. Nilieleza kwamba kinachotoka mle ndani si joto la kawaida. Ni mawimbi, na mawimbi hayo kazi yake ni kuchemsha maji yaliyomo kwenye chakula. Nyama ina maji. Goti ni nyama. Jicho ndilo baya zaidi, maana ni maji matupu na halina njia ya kujipoza; ukilipasha linaganda kama ute wa yai. Mzee mvuvi akafunga macho, akafungua, akafunga, akafungua, akamtazama shangazi.

"Mbona hukutuambia?"

"Mimi nilijuaje? Tena wewe uligeuza mgongo, macho yalikuwa ukutani!"

Nilitaka kujua hali ya mashine kabla sijasema neno jingine. Nikaiweka juu ya meza, nikaondoa skrubu, nikavua gamba lake la bati. Watu wakasogea. Nikawaambia wakae mbali, wakasogea zaidi. Ndani kila kitu kilikuwa na ngozi ya mawese. Hata nyaya zilikuwa na rangi ya chungwa. Mende aliyekauka alikuwa amelala juu ya transfoma, amejinyoosha vizuri, kama mtu aliyekufa akiwa likizo.

Kwenye maikrowevu kuna kitu kimoja ambacho fundi yeyote mwenye akili anakiogopa, nacho ni kapasita. Ni kopo la bati lenye ukubwa wa kopo dogo la maziwa, na kazi yake ni kutunza umeme mkali kuliko wa ukutani mara nyingi sana. Umeme wa ukutani unakutupa. Huu unakusimamisha moyo, na kopo linaweza kuutunza hata baada ya plagi kuchomolewa. Ndani yake huwa kuna kifaa kidogo cha kuunyonya taratibu mpaka uishe, lakini nacho hufa, tena hufa kimyakimya. Kwa hiyo fundi hagusi kitu mle mpaka kwanza alimalize kopo nguvu.

"Jana mliwasha saa ngapi mara ya mwisho?"

"Hata leo tumewasha. Si umekuta inawaka?"

Nikavaa glovu zangu za mpira. Nikachukua bisibisi ndefu yenye mpini mnene, nikaifunga waya, upande wa pili wa waya nikaubana kwenye bati la mashine. Mkono wa kushoto nikauweka mgongoni, kama nilivyofundishwa chuoni na mwalimu aliyekuwa na vidole pungufu. Nikagusisha.

Paa!

Cheche ya bluu ilitoka na mlio kama wa tairi la lori. Mzee mvuvi aliyekuwa na mgongo usiopinda alipinda vizuri sana akaingia chini ya meza. Mama wa dagaa alitaja majina ya Mungu kwa dini zote mbili. Yule wa Ilagala nikamwona nje, bega na mwenyewe, tayari amefika kwenye mitumbwi. Mimi mwenyewe nilibaki nimesimama palepale. Ncha ya bisibisi ilikuwa imeliwa kidogo, imebaki na kijishimo. (Siku hizi nimejitengenezea kijiti chenye rizista katikati, kinaunyonya polepole bila kelele. Siku ile sikuwa nacho, na bisibisi ile sikuipenda tena.) Nikagusisha mara nyingine, kimya. Nikapima kwa mita, hakuna kitu. Ndipo nikashusha pumzi.

Niliwaza yule fundi wa simu, na vidole vyake mle ndani. Niliwaza pia kwamba siku ile anachezea, kile kinyonyaji kidogo pengine kilikuwa bado kizima, ndiyo maana leo anauza vocha na si marehemu.

Shangazi alikuwa wa kwanza kusema.

"Basi hicho kinachopiga kelele kitoe. Kisha iwashe kama ilivyokuwa."

"Nikikitoa haipashi."

"Basi kirudishe, lakini kisipige kelele."

"Shangazi, sitairudisha kama ilivyokuwa. Nitaitengeneza iwe inafanya kazi mlango ukifungwa. Nikishindwa, nitaivunja."

Watu wote wakamgeukia shangazi. Hata mawese kwenye sufuria nadhani yalipunguza kuchemka. Sikuwa nimepanga kusema vile. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ya mtu mwingine, mtu jasiri kuliko mimi.

"Oya, hapana," alisema shangazi, polepole. "Unanikatalia mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi niliyekuogesha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi niliyekutoa chawa?"

Hayo ya chawa hakukuwa na ulazima wa kuyasema mbele ya wateja, lakini nikajibu ndiyo. Akaniambia nimekuwa mwoga kama kaka yake. Akasema nina wivu, nataka kuipeleka Rusimbi nifungue kliniki yangu. Akasema mashine ni yake, ameachiwa yeye, na hata jogoo alimla yeye. Nilikuwa narudishia skrubu huku machozi yananilenga, na nikawa najiambia kwamba ni vitunguu. Kopo lile nilikuwa nimeshalitoa na kulitia mfukoni, ili hata akiichukua isiweze kumpasha mtu. Kisha nikaifunga maikrowevu nyuma ya bodaboda kwa kamba ya mpira na kuondoka nayo. Nyuma yangu nilimsikia akiwaambia watu, "Mtoto wa kaka yangu ameniibia mchana kweupe."

Kabla ya kutoka mwaloni nilisimama kwa fundi wa simu. Ni mtu mzima, ana ndevu na wake wawili.

"Ni wewe uliyefunga swichi za mlango?"

"Mama ndiye aliyetaka."

"Akitaka uruke ziwani?"

Akafikiri. "Yule mama? Ningeuliza kwanza upande gani."

Sikuweza kumlaumu sana baada ya hapo.

Mezani kwangu Rusimbi niliifungua tena, safari hii peke yangu, mlango umefungwa, simu imezimwa. Niliikuta na magonjwa yanayofuatana kama ndugu. La kwanza lilikuwa mlango. Mlango wa maikrowevu una kindoano cha plastiki kinachoingia kwenye tundu na kusukuma swichi tatu. Mbili za kwanza zinakata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni mmbeya. Kazi yake ni kuwachungulia wenzake wawili. Wakishindwa kukata, yeye anaunguza fyuzi makusudi ili mashine nzima izime na mtu asipashe goti. Kiwiko cha shangazi kilivunja kindoano, swichi zikachanganyikiwa, mmbeya akafanya kazi yake, fyuzi ikaungua. Hapo mashine ilikuwa inasema kwa lugha yake: niacheni. Fundi wetu akatoa fyuzi akaweka kipande cha waya mnene, swichi mbili akazikandamiza kwa vijiti vya kiberiti na tepu nyeusi, na yule mmbeya akamkata nyaya zote asiseme tena.

La pili lilikuwa kile kikaratasi kigumu kilichoko ukutani kwa ndani, cha maika, mahali mawimbi yanapotokea. Kilikuwa kimerushiwa mafuta ya migebuka mpaka kikaungua na kutoboka. Watu wakiona cheche ndani ya maikrowevu hudhani imeisha, wanaitupa. Mara nyingi ni hicho tu. Unasafisha, unakata kingine kwa mkasi kufuatisha kile cha zamani, unarudishia.

La tatu ndilo lililozima joto. Ile sehemu inayotengeneza mawimbi, magnetroni, inapokea umeme kwa klipu mbili ndogo. Moja ilikuwa imelegea tangu mwanzo, ikawa inaungua kidogokidogo, mpaka ikawa nyeusi na kuachia. Nilipima magnetroni yenyewe kwa mita: ilikuwa nzima, na haikuwa imegusana na bati. Nilikaa chini nikiishika ile klipu iliyoungua. Kama ingekuwa imekaza, mashine ingepasha kwa nguvu zake zote. Kwa kuwa ililegea, ilikuwa inapasha kwa kusuasua, kwa kukatakata. Klipu mbovu ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya shangazi na kupikwa.

Zile siku shangazi hakunipigia. Kwa kawaida dagaa hunifikia bila kuomba, nikiwataka nisiwatake, mpaka paka wa mtaa wananijua. Sasa hakuna dagaa. Mtu mmoja akaja kuchukua redio yake akaniambia amesikia Katonga kwamba nimeuza dawa ya wagonjwa. Mwingine akasema amesikia ni mashine ya uchawi na nimeinunua kwa mtu wa Burundi. Nilikula maharage. Nilijaribu kujivunia msimamo wangu, lakini msimamo hauliwi na ugali wa muhogo.

Kisha simu ikaita, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake shangazi akasalimia.

"Hujambo?"

Hapo nikajua kuna jambo. Nikafunga chumba.

Nilimkuta amekaa nje, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ngozi ya goti ilikuwa na wekundu kidogo tu. Ungesema ameumwa na mbu. Lakini ukigusa, ndani kulikuwa kugumu, na alishtuka mpaka khanga ikadondoka. Alisema linawaka. Linawaka ndani, na anaogopa kulikunja. Alikuwa amelipaka mawese, akalipaka dawa ya mzee wa dukani, akalifunga jani la kabichi ambalo bado lilikuwa limening'inia.

Hospitali alikubali kwenda kwa sharti kwamba asiseme kilichotokea. Nikamwambia nitasema mimi. Daktari alikuwa mwanamke wa kutoka Mbeya, mpole, na alionekana amechoka na watu wa mjini kwetu.

"Aliungua na nini?"

"Maikrowevu," nikasema.

"Yaani alimwagikiwa na chakula kutoka kwenye maikrowevu?" aliuliza daktari.

"Hapana. Alikuwa anapasha goti."

Daktari akaweka kalamu chini. "Alikuwa anapasha nini?"

"Goti," alisema shangazi mwenyewe, kwa hasira, kama anaagiza kitu dukani na muuzaji hasikii. "Goti! Hili hapa!"

Daktari akainamisha kichwa mezani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipoinua uso alikuwa mtaalamu tena. Akaeleza kwamba shangazi ameungua kwa ndani, chini ya ngozi, ambako ngozi yenyewe haisikii haraka; ndiyo maana aliona raha wakati anaumia. Akampa dawa, akampangia kurudi, akampeleka pia kupimwa macho. Macho yalikuwa salama, kama nilivyotegemea kwa mtu anayeweza kumwona mteja anayenyemelea kuondoka bila kulipa kutoka upande wa pili wa soko. Daktari akataka na wale wengine waje. Mama wa dagaa alikuja. Mzee mvuvi alikuja baada ya kubembelezwa. Wa Ilagala tulimtumia salamu kwa kila boti, mpaka akajibu kwamba bega lake ni zima na hataki kusikia habari zetu tena maishani.

Njiani kurudi, shangazi alikaa kando yangu kwenye bajaji, mguu umenyooshwa mpaka kwenye kiti cha dereva.

"Ulikuwa unalia siku ile," akasema.

"Vitunguu."

"Vitunguu nilikuwa nimemaliza kumenya."

Jioni dagaa walifika.

Kilichobaki ni kindoano na kopo jipya, maana lile la zamani lisiloweza kujinyonya nisingelirudisha hata kwa kubembelezwa. Kupata vipuri vya maikrowevu Kigoma ni kama kutafuta theluji. Niliulizauliza, nikakumbuka kwamba yule afisa aliyehama aliwahi kusema yeye na mwenzake wa ofisini walinunua mashine zinazofanana, siku moja, duka moja. Mwenzake yule alikuwa bado yupo Ujiji, mama mmoja nadhifu sana, wa kutoka pwani. Nikamfuata.

"Yangu ilikufa zamani," alisema.

"Uliitupa?"

Akasita, kisha akaniongoza jikoni. Maikrowevu ilikuwa juu ya kabati, inang'aa. Akaifungua. Ndani, juu ya sahani ya kioo, kulikuwa na kichwa cha nywele. Nilirudi nyuma nikagonga mlango.

"Ni mawigi," akasema. "Panya wa nyumba hii wanapenda mawigi. Humu hawaingii."

Yalikuwa matatu, yamepangwa vizuri, moja la kazini, moja la harusi, moja la msiba. Tukakubaliana: nichukue kindoano na kopo, ila mlango uendelee kufunga. Nililimaliza nguvu kopo lake kwanza, ingawa lilikuwa limelala muda wote huo bila umeme. Adabu ni adabu. Magnetroni yake ilikuwa imepasuka sumaku, haikufaa, sikuigusa. Mlango nikaufunga kwa mkanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Mama yule akaujaribu, akatabasamu, akaniambia panya wamekwisha.

Nikamaliza kazi mezani kwangu. Swichi zote tatu nikazirudishia nyaya zake, kila moja nikaipima mlango ukifungwa na ukifunguliwa. Fyuzi nikaweka ya kweli, ya kiwango kilichoandikwa kwenye bati lenyewe. Klipu nikaweka mpya na kuibana kwa plaizi mpaka ikalia. Mlango nikaufungia kipande cha karatasi pande zote, nikakivuta. Kilipokatalia kila upande ndipo nikaridhika kwamba haujapinda. Wavu wa kwenye kioo cha mlango nao nikaukagua kwa tochi kama haujatoboka. Kipimo cha mawimbi yanayovuja sina, na nilimwambia shangazi hivyo; nikamwambia mashine ikiwaka akae mbali kidogo nayo, tena na kistuli nimekinyang'anya.

Katonga nilikwenda na waya mrefu wa umeme, tukaiweka maikrowevu juu ya meza. Ndani nikaweka glasi ya maji, kwa sababu maikrowevu haiwashwi tupu, mawimbi yakikosa kitu cha kuchemsha yanairudia mashine yenyewe. Nikafunga, nikawasha. Watu walikuwa wamekusanyika tena, ila safari hii wamesimama mlangoni, tayari kukimbia. Maji yakachemka.

Shangazi akaja akichechemea, akafungua mlango ghafla katikati. Ikazima. Akafunga, akawasha, akafungua. Ikazima. Akafanya hivyo tena na tena, kwa haraka, kwa polepole, kwa kuvizia, akijifanya anaangalia pembeni.

"Inajuaje?"

"Kuna swichi tatu mlangoni. Zinakuchunga."

"Tatu? Mimi mmoja?"

"Ilibidi."

Akatikisa kichwa, akanimiminia chai kwa maji yale ya glasi, akaniwekea sukari nyingi kupita kiasi, ambayo kwake ndiyo samahani. Maikrowevu aliitumia kupasha uji na ugali. Samaki aliwarudisha kwenye mkaa, maana mgebuka ukipashwa mle unakuwa kama soli. Goti lilichukua muda mrefu kupona, na mpaka leo kuna sehemu haipendi kuguswa.

Juzi nilikuwa pale nakula. Mwanamume mmoja mgeni akaingia ameshika kiuno, akauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo wanapopasha watu. Shangazi alikuwa anageuza ugali. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akainua mwiko ukiwa bado unafuka moshi.

"Hospitali iko kule," akasema. "Hapa tunapasha chakula. Unakula au unatoka?"

Yule bwana akakaa, akaagiza migebuka.